Besi Inafika Wapi

Ng'ambo, Tabora
13 Januari 1974

Dada Batuli,

Shikamoo. Hapa nyumbani tupo salama, isipokuwa goti la mama limeanza tena tangu mvua zishike. Anakusalimu wewe na shemeji Ngollo, na anauliza kama asali aliyokutumia ilifika au kondakta aliila njiani. Ukuta wa uani umeanguka upande wa jirani, kwa hiyo mpaka nipate matofali tunaamkiana naye tukiwa na taulo.

Sasa sikiliza. Nimepata visanduku viwili vya gita, na naona hata Tabora nzima hakuna mwingine mwenye navyo. Mwezi uliopita treni ya Kigoma ilikwama hapa stesheni kutwa nzima kwa sababu maji yalisomba reli huko mbele, na ndani walikuwamo wanamuziki wa Kikongo wanaokwenda Dar es Salaam. Mpiga besi wao alikuja kukaa nami kivulini. Akafungua begi, akatoa kisanduku cha chuma kama kiatu cha mtoto, kina kitufe juu. Unachomeka waya wa gita upande mmoja, upande wa pili unatoka waya wa kwenda kwenye amplifaya, halafu unakanyaga kitufe kwa mguu. Besi inanguruma kama lori linalopanda mlima. Cha pili kina kibao cha kukanyaga kama cha cherehani: ukikibonyeza mbele na nyuma, sauti inafunguka na kujifunga, wa-wa-wa, kama mtu anayetaka kusema neno. Pale stesheni hapakuwa na umeme wala amplifaya, kwa hiyo yote hayo alinionyesha kwa mdomo wake. Nami nikamwamini, nikampa baiskeli yangu. Mama alininunia mpaka Ijumaa.

Lakini hakuongopa. Kwenye mazoezi vilinguruma vyote. Nimekifungua kile cha kwanza kwa bisibisi. Ndani mna betri ndogo ya mraba na vidude vya rangi rangi kama shanga zenye miguu. Hakuna kinachozunguka, hakuna kinachosuguana. Sauti inaingia nzima, inatoka imechanika, na sijamwona aliyeichana. Wewe mwalimu, hebu nifikirie.

Habari kubwa ni kwamba shirika moja la hapa mkoani linataka kuichukua Itetemia Jazz iwe bendi yake. Tutaajiriwa, tutapewa sare na lori. Baada ya Sabasaba watatusikiliza, kisha kila mmoja atapimwa afya. Ndiyo maana nataka besi yangu isikike.

Mdogo wako,
Abasi


Igunga
24 Februari 1974

Abasi,

Marahaba. Asali ilifika, imepungua shingo ya chupa, tumwache kondakta na Mungu wake. Ngollo hajambo, anahangaika na palizi ya pamba. Darasa langu la kisomo linaendelea kila alasiri kwenye ghala, na barua yako nimewasomea, unisamehe. Wamechoka na sentensi za kitabu kuhusu mbolea.

Mzee Lugembe, mwenye ng'ombe wengi ambaye mwaka huu ndio amejifunza kuandika jina lake, akanyoosha mkono: "Mwalimu, kisanduku kikikanyagwa, ile sauti ya mwanzo inakwenda wapi?" Mwanamke mmoja akauliza kama kinaweza kufungwa kwenye njuga ya ng'ombe ili mwizi aogope. Tukabishana mpaka jua likashuka, na hakuna aliyeandika herufi hata moja.

Mimi nina maswali yangu. Ukivifunga vyote viwili kwa pamoja, kipi kinatangulia? Na ukivigeuza, sauti inakuwa ile ile au nyingine? Betri unapata wapi, maana hapa hata za tochi ni za kuomba?

Na jambo jingine. Umeandika unataka besi yako isikike. Mwaka juzi nilikuja kwenye dansi lenu nikakaa mlangoni kabisa kwa sababu ya joto, na kilichonifikia kuliko vyote ilikuwa besi, mpaka nikaisikia kwenye meno. Ni nani amekwambia haisikiki?

Msalimie mama. Mwambie asichote maji mwenyewe.

Dada yako,
Batuli


Ng'ambo, Tabora
19 Machi 1974

Dada,

Shikamoo. Mama anasema Maulidi yanakaribia na chumba chako ameshakipiga deki, kwa hiyo usituletee sababu. Ukuta umesimama tena. Jirani anasema alikuwa ameshatuzoea.

Swali lako la kipi kinatangulia limenifanya nikae chini jioni nzima nikivigeuzageuza. Si sawa hata kidogo! Kinachonguruma kikitangulia na cha wa-wa kikafuata, unapata mdomo unaotafuna ule mngurumo. Ukigeuza, sauti inakuwa nyembamba, inakwaruza kama sufuria juu ya saruji. Vitu vile vile, waya zile zile. Mzee Lugembe mwambie sauti ya mwanzo haiendi mahali. Ipo mle mle, imefunikwa.

Dada, hujui kazi ya kutunza vitu hivi. Seremala amenichongea ubao wa mninga, nimevibana visanduku juu yake kwa mipira ya kandambili za zamani ili visitambae ninapovikanyaga. Nyaya nimezifunga vipande vya kanga kuukuu ya mama: chekundu kwa waya wa gita, cheusi kwa wa amplifaya, maana gizani mikono yote inafanana. Tukisafiri vinalala kwenye sanduku la bati, juu yake gunia, kwa sababu vumbi la barabara ya Nzega likiingia kwenye tundu la waya, dansi zima linakukoromea. Betri analeta dereva mmoja kutoka Mwanza. Kujua kama ni nzima naigusisha ulimi: ikikung'ata, nzima, ikikaa kimya kama kijiko, imekufa. Na ukisahau waya umechomekwa, kisanduku kinaendelea kula betri hata bendi imelala.

Nzega nilisahau. Katikati ya wimbo kisanduku kikaanza kulia kama mbuzi anayekata roho. Watu wakacheka. Nikakizima, nikaongeza amplifaya ili nirudi juu. Masolwa, kiongozi wetu, yule wa tarumbeta, akaniambia nipunguze, akaniambia tena, mwishowe akaja kukizungusha kitufe cha sauti mwenyewe mbele ya watu. Kelele zilikuwa nyingi. Ndani ya lori akasema, "Tangu upate hayo masanduku unapiga kama uko peke yako duniani." Hatujazungumza vizuri mpaka leo.

Siku hizi napiga peku, nimesimama juu ya ubao wangu. Ndivyo ninavyopenda.

Njoo Maulidi.

Abasi


Igunga
2 Juni 1974

Abasi,

Marahaba. Najua nimekawia. Tumehama. Operesheni ya vijiji imetufikia, tukaivua nyumba milango na mabati, tukavipakia kwenye mkokoteni, tukaja kijiji kipya ng'ambo ya mbuga ya mpunga. Nyumba zimepangwa mistari kama darasani. Mama mkwe wangu anatafuta mlango wake kila jioni kwa sababu yote inafanana. Darasa nimelihamishia kwenye ghala la huku, Mzee Lugembe naye amehama nalo. Maulidi sikuweza kuja, nilikuwa na shughuli.

Binti wa mama mdogo, Mwanajuma, alipita hapa akienda Shinyanga. Tukakuzungumza. Anasema alikukuta sokoni, akakuita kwa nyuma, akakuita tena kwa sauti ya kugombana, ukaenda zako. Alipokuzunguka akaja mbele yako ulimchekea na kumwamkia vizuri, kama hakuna kilichotokea. Akasema pia mama analalamika kwamba siku hizi unaongea ndani ya nyumba kama mtu anayeita watu ng'ambo ya reli.

Nimezisoma upya barua zako zote mbili. Masolwa anakwambia upunguze, na anakwambia tena, nawe huachi. Unasimama peku juu ya mbao. Unataka besi isikike wakati inasikika mpaka mlangoni. Na swali langu la barua ile hukulijibu, wakati yale ya visanduku uliyajibu moja moja.

Sikulaumu, nataka kujua. Fanya jaribio, kama ulivyojaribu visanduku. Chukua saa ya mama ya mezani, ile inayogonga. Iweke kwenye sikio moja, halafu kwenye la pili. Uniandikie ulichosikia.

Mgongo unaniuma, namalizia hapa. Mistari hii ya mwisho anaandika Ngollo. Shemeji, salaam. Dada yako ni mzima, usiwe na wasiwasi. Pamba si mbaya.

Batuli


Ng'ambo, Tabora
20 Juni 1974

Dada,

Shikamoo. Wote wazima. Saa ya mama imeharibika.

Nasikia vizuri. Sokoni kuna kelele, na Mwanajuma tangu utotoni akisimulia jambo lazima aliongeze chumvi.

Kwa kuwa na wewe umeanza upelelezi, na mimi nina yangu. Tangu lini wewe ukachoka kuandika ukamwachia mtu kalamu? Mwanajuma huyo huyo amemwambia mama kwamba ulimpokea umeketi, ukamuaga umeketi, na maji alichota Ngollo. Wewe! Idi ya kuchinja hukuja, Maulidi hukuja. "Shughuli" gani? Mama anakaa akichambua mchele ambao umeshachambuliwa.

Kuumwa unaumwa? Sema.

Abasi


Igunga
9 Julai 1974

Mdogo wangu,

Marahaba. Juzi darasa zima lilisikiliza sherehe za Sabasaba kwenye redio ya kijiji, Mzee Lugembe akiwa amekaa nayo karibu kuliko wote, anatafuta besi.

Siumwi. Nina mimba. Nilishajua wakati nakuandikia mwezi wa pili, lakini unakumbuka mara ile ya kwanza, na mara ya pili ambayo mama alikuwa ameshashona na nguo. Nikasema safari hii sitamwambia mtu, nisije tena nikapita nyumba kwa nyumba nikiwaambia watu kwamba hakuna. Muuguzi amenikataza safari za basi na kubeba vitu. Siku ya kuhama nilipanda juu ya mkokoteni pamoja na milango, na moyo wangu ulikuwa mkononi mpaka tulipofika. Sasa mtoto anacheza. Anachagua saa ninapofundisha.

Mwambie mama taratibu, akiwa ameketi. Mwambie asishone kitu bado.

Nimekwambia langu, na nimeona kwamba kulisema hakujalidhuru. Sasa sema lako.

Batuli


Ng'ambo, Tabora
25 Agosti 1974

Dada Batuli,

Shikamoo. Mama nilimwambia akiwa ameketi, akasimama. Alikwenda chumbani akafunga mlango, akatoka macho mekundu, akaniuliza kama nimeshakula. Hashoni. Lakini kitambaa amenunua, nimekiona.

Saa ya mama haijaharibika. Nilifanya ulivyosema siku ile ile barua yako ilipofika. Kwa sikio la kulia niliisikia mpaka ule mkwaruzo mdogo kati ya pigo na pigo. Nikaihamishia kushoto, na ilikuwa kama imesimama. Nikadhani kweli imesimama, nikaitazama: mshale unakwenda. Nikairudisha kulia, ikagonga. Kushoto, hakuna. Nilikaa nayo pale kitandani nikiihamisha hamisha kama mwendawazimu, huku nikijua kwamba sikuhitaji saa kuambiwa. Tangu masika ya mwaka jana nilikuwa nalalia sikio la kulia ili nisisikie majogoo. Ndipo nilipopata visanduku. Nilidhani nikiwa na sauti kali zaidi nitajisikia tena.

Baada ya shirika kutusikiliza na kutupenda, ilibaki kupimwa. Usiku sikulala, asubuhi nikaenda kwa Masolwa kabla ya kwenda kwa daktari. Nilimkuta barazani anasafisha tarumbeta.

"Kaka," nikamwambia, "sikio langu la kushoto limekufa."

Hakuinua macho. "Tangu lini?"

"Mwaka jana."

"Kwa hiyo Nzega, nilipokwambia upunguze..."

"Nilikuona unachezesha mdomo. Nilidhani unaimba, mpaka wenzetu waliponieleza baadaye."

Akaweka tarumbeta chini. "Miezi yote hii mimi nakuchukia, Abasi. Nilimwambia mke wangu, yule ananidharau. Kwa nini hukusema?"

"Mpiga besi kiziwi nani atamtaka?"

Halafu akauliza, kwa namna ya mtu anayetaka kujua tu, "Unapopiga unatufuataje?"

Nikamwambia kwa miguu. Jukwaa la mbao likitikiswa na ngoma nalisikia kwenye nyayo, na ubao wangu unanipa besi yangu mwenyewe. Akavua viatu palepale, akasimama juu ya benchi lake, akaniambia nipige ngumi chini ya benchi. Nikapiga. "Kweli," akasema. "Kweli kabisa! Piga tena." Tukapiga hivyo mpaka mkewe akatoka kutazama.

Kwa daktari niliambiwa nitazame ukutani, naye akanong'ona majina ya miji nyuma yangu niyarudie. Upande wa kulia niliyataja yote. Upande wa kushoto nilisikia kimya, nikasema "Urambo" kwa kubahatisha. Alikuwa amesema Tanga. Akaniambia la kushoto halirudi, na la kulia litafuata nikiendelea kusimama mdomoni mwa spika. Ameandika kwamba sifai kuajiriwa mpigaji.

Ile siku sitaki kuisimulia.

Masolwa alikwenda ofisini kwa shirika, akarudi na jambo hili: mpiga besi wa bendi ni Selemani, kijana wa Kitete, ana vidole vizuri. Mimi nimeajiriwa mtunza vyombo, kwa sababu hakuna mwingine anayejua waya gani unaingia tundu gani. Nilitaka kukataa. Masolwa akasema, "Hakuna karatasi inayomkataza mtunza vyombo kuvijaribu vyombo mbele ya watu." Kwa hiyo kila dansi najaribu vyombo kwa nyimbo mbili. Amplifaya tumeipeleka mbali nami, nyuma ya ngoma, pamba ipo sikioni, na miguu iko juu ya ubao. Selemani anapopiga, mimi naweka kiganja kwenye kasha la spika, naijua betri inayochoka kabla yeye hajaijua.

Sasa nina swali ambalo halinitoki. Mtu wa jukwaani hajisikii kutoka mbali, hata mwenye masikio mawili. Besi inafika wapi? Inafikaje? Idi ikijaliwa tutapiga hapo Igunga, kwenye ghala la pamba la barabarani, tunaanza alasiri. Najua hutaweza kuja. Kaa nyumbani kwako usikilize. Nitapiga nyimbo mbili tu, moja na visanduku, moja bila, na sitakwambia zipi. Niandikie ulichosikia, na usinipambe.

Abasi


Igunga
22 Oktoba 1974

Abasi, mjomba wa mtu,

Marahaba. Ngollo aliporudi kutoka kwenye dansi alinieleza kwamba alikupa habari nyuma ya jukwaa, na kwamba ilibidi arudie kwa sikio la kulia, na kwamba uliketi juu ya sanduku la bati. Najua pia kwamba dereva alikataa kukungoja asubuhi uje kututazama. Barua hii nampa kondakta wa basi la Mwanza, maana bendi imekwenda huko, na asali hakuna, kwa hiyo itafika nzima.

Ni msichana. Alizaliwa Ramadhani ikielekea mwisho, na tumemwita Swaumu. Ana nywele nyingi na hasira. Mimi ni mzima, niko ndani na arobaini yangu, mama mkwe ananinywesha uji mpaka naota uji. Nimemwandikia mama aje. Mwambie ukirudi, sasa ashone.

Sasa swali lako. Nilimwomba Ngollo aache dirisha wazi kabla hajaondoka. Jua lilikuwa bado lipo. Mwanzo nilisikia tarumbeta, lakini ilikuwa inakuja na upepo na kuondoka na upepo, nusu ya wimbo huku, nusu sijui wapi. Mwimbaji sikumpata kabisa. Magita yale mengine pia hapana. Upepo ukageuka, tarumbeta nayo ikapotea, nikadhani mmepumzika. Ndipo mama mkwe akaingia kutoka uani akauliza, "Nani anatwanga siku ya Idi?" Akatoka kwenda kwa jirani kumwuliza, na jirani alikuwa ametoka nje anamtafuta huyo huyo.

Nikaweka mkono kwenye mguu wa kitanda. Ilikuwa inapita pale. Mbuga nzima ya mpunga mkavu iliyo kati yetu na barabara, na ilikuwa imeivuka, ikaingia chini ya mlango, ikapanda kitanda.

Nyimbo nyingi zilipigwa na huyo Selemani. Anapiga sawasawa, kama mtu anayehesabu magunia, na si vibaya. Halafu ukaja mmoja ambao besi ilikuwa inachelewa kidogo kabla ya kushuka, kidogo tu, kama mtu anayepima maji kwa mguu kabla ya kukanyaga. Nikasema kwa sauti, huyo ni Abasi. Ulikuwa wimbo wa polepole, jua linagusa miti. Naamini ulikuwa bila visanduku. Kama nimekosea niambie.

Ule mwingine sikuutambua. Nilisubiri mpaka mwisho, sikuutambua. Umesema nisikupambe. Sijui kama ni visanduku vilivyokuficha, au upepo, au ni mimi nilisinzia. Mzee Lugembe, ambaye alikuwa ghalani kwenu, anasema ule wa visanduku ndio uliowaua watu, kwamba alisimama mbele yako akatazama mguu wako wimbo mzima na bado hajaelewa. Kwa hiyo huko karibu una wimbo mmoja, na huku mbali una mwingine. Sikulijua hilo, nadhani hata wewe hukulijua.

Swaumu alikuwa amelala juu ya kifua changu. Tarumbeta haikumwamsha, wala kelele za mama mkwe na jirani yake. Ulipoanza ule wimbo wa polepole alifumbua macho. Hakulia. Alikaa hivyo hivyo, ametulia, anasikiliza, mpaka ulipoisha.

Dada yako,
Batuli